Kubadilisha Grauti ya Bafuni Mwenyewe: Mwongozo Kamili

Grauti mpya, yaani kile kijazio cha mistari kati ya tailizi, haipakwi juu ya grauti ya zamani. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo kazi hii inavyofanywa katika mabafu mengi: fundi anafika asubuhi, anakoroga saruji nyeupe kwenye kopo la rangi, anaisugulia juu ya mistari iliyokwisha kuwa myeusi, anafuta, na kufikia mchana bafu linang'aa. Mwenye nyumba anafurahi, analipa. Miezi michache baadaye ule utando mweupe unaanza kubanduka karibu na tundu la maji, na chini yake grauti nyeusi iko palepale.

Utando mwembamba hauna pa kushika. Grauti hushika kwa kubanwa kati ya kuta mbili za tailizi, ikiwa na kina cha kutosha. Kwa hiyo kazi yenyewe hasa ni kuchimba. Kujaza kunachukua saa chache, na mtu yeyote mwenye subira anaweza. Kuchimba kunachukua siku nzima au zaidi, kunachosha mabega, na ndiyo sehemu ambayo fundi wa kulipwa kwa kazi ana kila sababu ya kuiruka. Hapo ndipo mwenye nyumba anayejifanyia mwenyewe anapomshinda: yeye hana haraka.

Kinachoua grauti

Grauti ya kawaida ni saruji iliyochanganywa na unga laini wa mawe au mchanga, rangi, na kemikali za kuisaidia kushika. Kwa kuwa ni saruji, adui yake mkubwa ni asidi. Dawa kali za chooni, zile zinazotoa povu zikimwagwa sakafuni, watu huziona zinafanya kazi kweli kweli kwa sababu ya lile povu. Povu hilo mara nyingi ni grauti yenyewe inaliwa: asidi inakutana na chokaa iliyomo kwenye saruji, gesi inatoka, na kila wiki mstari unashuka kidogo. Siki na limau hufanya hivyohivyo, polepole zaidi.

Saruji nyeupe tupu ni sababu ya pili. Ni rahisi, inapatikana kila duka, na mafundi wengi wameizoea. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya jointi, ile mistari kati ya tailizi. Ikikauka husinyaa na kutoa nyufa nyembamba kama unywele, na kwa kuwa haina viungio vya kupunguza unyonyaji, hunywa maji ya sabuni na uchafu wake wote. Ukutani mbali na shawa inaweza kudumu. Sakafuni mwa bafu ambalo pia lina choo cha kuchuchumaa, haidumu.

Halafu kuna maji mengi wakati wa kukoroga. Grauti nyepesi inaingia kwenye jointi kwa urahisi, ndiyo maana inapendwa. Maji yale ya ziada yakikauka huacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na grauti inakuwa dhaifu, yenye rangi ya madoadoa. Ukiona grauti inayotoa unga ukiipitishia kidole, mara nyingi chanzo ni hicho.

Kitu kingine cha kufahamu kabla hujatumia hela: grauti ya saruji haizuii maji yasipite. Inapunguza tu. Kinachozuia maji ni tabaka lililopakwa chini ya tailizi wakati wa ujenzi, kama lilipakwa. Dari ya chumba cha chini ikiwa na doa la maji, usitegemee kwamba grauti mpya itamaliza tatizo.

Kagua kabla ya kununua chochote

Chukua sarafu, gonga tailizi moja baada ya nyingine, katikati na kwenye pembe zote nne. Iliyoshika vizuri hutoa sauti fupi, iliyoshiba. Iliyoachia hutoa sauti ya utupu, na ukishaisikia mara moja hutaikosea tena. Weka alama ya penseli au kipande cha selotepu kwenye kila moja yenye utupu. Tailizi mbili tatu unaweza kuzibandua na kuzibandika upya kwa gundi ya tailizi kabla ya grauti, kisha uziache siku nzima zishike. Zikiwa robo ya sakafu, acha. Hiyo ni kazi ya kuvunja na kupanga upya, na grauti utakayoweka juu yake itapasuka kila tailizi inapocheza ukiikanyaga.

Baada ya hapo pitisha ncha ya bisibisi kwenye jointi kadhaa. Ikitoka unga au chembe, grauti imekufa. Ikiwa ngumu na ncha inaacha tu mkwaruzo wenye rangi safi, huenda huna haja ya mwongozo huu, unahitaji kusafisha. Tengeneza uji mzito wa soda ya kuokea na sabuni ya vyombo, paka kwenye mistari, subiri robo saa, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza. Ukungu mweusi unaobaki, tumia jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, huku mlango na dirisha vikiwa wazi. Jiki na dawa ya choo yenye asidi visikutane kabisa, hata kwenye mfereji wa maji machafu: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na katika bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaweza kukupeleka hospitali.

Angalia pia kama kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta. Funga koki zote za nyumba na valvu za kujazia matangi, tazama mita ya maji, rudi baada ya saa moja bila mtu kutumia maji. Namba zikisogea, anza na fundi bomba.

Na tazama ufa unakokwenda. Grauti iliyopasuka ovyo hapa na pale ni grauti mbovu. Ufa mmoja mrefu unaofuata mstari uleule ukutani, tena uliokwisha kuzibwa ukarudi, unasema ukuta wenyewe unasogea.

Kuchagua grauti na kupima kiasi

Upana wa jointi ndio unaoamua. Chini ya milimita 3, nunua grauti isiyo na mchanga. Huingia mahali pembamba na haikwaruzi tailizi zinazong'aa. Kuanzia milimita 3 kwenda juu, nunua yenye mchanga, kwa sababu mchanga ndio unaoizuia kusinyaa na kupasuka. Mfuko wenyewe huandikwa upana unaofaa, kwa mfano 1–6 mm au 3–15 mm. Kama mfuko hauna maelezo hayo, wala maelezo ya kiasi cha maji, urudishe dukani.

Ipo pia grauti ya epoksi, inayokuja kwa makopo mawili au matatu ya kuchanganya. Hainywi maji, haishiki doa, na hustahimili dawa nyingi zinazoua ile ya saruji. Bei yake ni mara kadhaa zaidi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hukauka upesi mno mikononi mwa mtu anayejifunza. Ikishakauka juu ya tailizi ni vita. Kwa kazi ya kwanza mimi ningekaa kwenye saruji.

Rangi: ukutani chagua upendayo. Sakafuni, kijivu. Grauti nyeupe sakafuni mwa bafu la familia ni kujitafutia kazi ya kila Jumamosi, na kazi hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye asidi.

Kiasi kinapigwa hivi. Jumlisha urefu na upana wa tailizi kwa milimita, gawa kwa zao la urefu mara upana, zidisha kwa upana wa jointi, zidisha kwa kina ulichochimba, kisha zidisha kwa 1.6. Jibu ni kilo kwa mita moja ya mraba. Tailizi ya sakafu ya 300 × 300, jointi ya milimita 3, kina cha milimita 5: 600 gawa kwa 90,000, mara 3, mara 5, mara 1.6, unapata kama kilo 0.16. Tailizi ya ukuta ya 250 × 400 inatoa karibu kiasi hichohicho.

Chukua bafu la mita 1.5 kwa 2, tailizi zikipanda ukutani mita 2. Sakafu ni mita za mraba 3, kuta ukitoa mlango ni kama 12. Jumla 15, yaani kilo 2.4, na ukiongeza inayodondoka na inayobaki kwenye ndoo, kilo 3. Nunua 4. Mifuko yote iwe ya toleo moja, tazama namba iliyogongwa nyuma, maana rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo na utaiona tofauti hiyo ukishamaliza.

Hesabu nyingine ya kufanya kabla hujaanza: bafu hilohilo lina karibu mita 100 za jointi. Mita mia za kuchimba kwa mkono. Kama nguvu au muda hautoshi, fanya sakafu na ukuta wa upande wa shawa tu. Sehemu nyingine hazipigwi na maji kila siku na zinaweza kusubiri mwaka mwingine.

Vifaa

Vingi viko kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kwa wa Dar, Kariakoo upande wa Gerezani hutakosa kitu.

- Kikwangulio cha grauti chenye meno ya kabaidi. Kikikosekana, bledi za msumeno wa chuma: moja kwa jointi nyembamba, mbili au tatu zilizofungwa pamoja kwa selotepu kwa jointi pana.
- Kisu cha kukatia kapeti na bledi za akiba.
- Mwiko wa mpira. Mafundi wengi hutumia kipande cha kandambili kilichokatwa ukingo ukanyooka, na kwa kweli kinafanya kazi vizuri ukutani.
- Ndoo mbili, sponji nene yenye pembe za mviringo, vitambaa vikavu vya pamba.
- Brashi ya nailoni, brashi kavu ya rangi ya kufagilia vumbi.
- Silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, bunduki yake, na selotepu ya karatasi.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi ya N95 au FFP2.

Barakoa usiidharau. Vumbi la grauti lina silika, na silika laini inayoingia mapafuni haitoki. Kitambaa cha kufunga puani hakiizuii. Glavu nazo ni kwa sababu saruji mbichi ni kali kwa ngozi. Haiumi mara moja, unakuja kugundua jioni vidole vimechubuka.

Kama bafu lina shawa ya umeme, zima swichi yake kwenye bodi kuu kabla ya kugusa ukuta ule. Ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa. Grauti ikiingia kwenye bomba huganda humo.

Kuchimba

Lengo ni kuondoa grauti hadi kina cha angalau theluthi mbili za unene wa tailizi. Tailizi ya ukuta yenye milimita 7 au 8 inataka kina cha kama milimita 5. Ikishindikana kabisa, usishuke chini ya milimita 3. Chora mstari kwa kalamu kwenye kijiti cha kiberiti, kiwe kipimo chako: kitumbukize kila baada ya mita moja. Bila kipimo, jicho linadanganya na kina kinapungua kadiri mkono unavyochoka.

Anza sehemu isiyoonekana, nyuma ya mlango au chini ya sinki, hadi mkono uzoee. Nyunyizia maji kidogo kwenye mstari ili vumbi lisiruke. Weka kikwangulio katikati ya jointi, vuta kuelekea kwako kwa mikwaruzo mifupi, bila kukandamiza sana. Mara tatu nne za kwanza unatengeneza njia tu. Kifaa kikishapata njia yake kinakaa humo chenyewe na unaweza kuongeza nguvu. Wanaoharibu tailizi ni wale wanaokandamiza tangu mkwaruzo wa kwanza: kifaa kinateleza na kukata mstari kwenye ung'avu wa tailizi, na alama hiyo haifutiki.

Ukishafika kina unachotaka katikati, geuza kifaa kidogo kushoto, kisha kulia, usafishe kuta za jointi. Hapa ndipo pa kukaa. Grauti ya zamani iliyobaki imeshika ukingo wa tailizi ni sawa na kutochimba, kwa sababu mpya itashika pale badala ya kushika tailizi. Tumia kisu cha kapeti, ncha ikiwa imelala kwenye ukingo, uipitishe taratibu. Ukiona ukingo wa tailizi wenyewe, ule udongo mwekundu au mweupe chini ya rangi, umefika.

Pembe, pale ukuta unapokutana na ukuta au sakafu, chimba yote mpaka mwisho. Hazitarudishiwa grauti, zitapata silikoni, na sababu yake iko mbele.

Grinda inajaribu sana mtu anapofika mita ya 20. Ndiyo, inachimba kwa dakika kile ambacho mkono unachimba kwa saa. Pia inapiga tailizi kwa kufumba na kufumbua, na inajaza nyumba nzima vumbi. Mashine inayotetemesha bledi huku na huku ni salama zaidi. Maduka mengine huikodisha kwa siku. Ukiipata, ielekeze kwenye mistari mirefu na uache pembe na sehemu za karibu na koki kwa mkono. Kwa tailizi za ukutani zenye jointi ya milimita 2, mkono tu.

Familia yenye bafu moja igawe kazi: siku mbili kuta, siku mbili sakafu. Jointi iliyochimbwa isipigwe maji ya kuoga. Kuoga kwa ndoo upande wa pili wakati huo kunawezekana, shawa haiwezekani.

Kusafisha na kukausha

Fagia vumbi kwa brashi kavu, au tumia kifyonza vumbi kama unacho, kisha futa kwa sponji yenye unyevu. Palipokuwa na ukungu mweusi paka jiki iliyopunguzwa, subiri dakika kumi, suuza mara mbili. Mafuta ya sabuni kwenye kingo za tailizi yaondoe kwa sabuni ya vyombo.

Halafu acha pakauke. Usiku mzima kwa ukuta. Kwa sakafu iliyokuwa ikinyonya maji miaka yote, siku mbili na feni ikiwaka. Gundi na saruji iliyo chini ya tailizi huwa imeshiba maji, na ukiyafungia humo yatapanda yakibeba chumvi na kuacha unga mweupe juu ya grauti mpya.

Kukoroga

Fanya asubuhi mapema au jioni. Adhuhuri ya pwani inakausha grauti kabla hujaifuta.

Tumia maji baridi ya bomba, au ya kunywa. Kwa wanaotumia kisima chenye maji ya chumvi, nunua au omba maji matamu kwa kazi hii. Ni lita moja tu hivi kwa bafu zima, na chumvi ya kisima ni miongoni mwa vyanzo vya ule unga mweupe unaochukiza.

Maji yatangulie ndooni, unga ufuate. Kiasi kinaandikwa kwenye mfuko. Grauti nyingi zinataka kati ya mililita 200 na 350 kwa kilo. Pima kwa chupa ya maji iliyokatwa au jagi la jikoni. Koroga kilo nusu kwanza, usikoroge zaidi mpaka ujue kasi yako. Koroga polepole kwa mwiko, ukikwangua pembe za ndoo. Kasi huingiza mapovu ya hewa. Ukinyanyua mwiko, grauti ibaki imeshikilia juu yake na isidondoke. Ikitiririka, ongeza unga.

Iache itulie dakika 5 hadi 10, kisha koroga tena bila kuongeza kitu. Muda huo kemikali zake zinayeyuka na mchanganyiko unalegea wenyewe. Asiyejua huona imekuwa nzito dakika ya pili, anaongeza maji, na grauti imeharibika hapohapo. Vilevile, ikianza kukaza ndooni baada ya nusu saa, itupe. Maji ya kuifufua huizimisha.

Kujaza

Lainisha jointi kwa sponji iliyokamuliwa. Ziwe na unyevu, zisiwe na maji yaliyotuama. Jointi kavu kabisa hunyonya maji ya grauti kabla haijaganda.

Anza ukutani, juu kwenda chini, kisha sakafu ukianzia kona ya mbali na mlango. Chota grauti, ushike mwiko kwa pembe ya nyuzi 45, ukandamize kwa mshazari kuvuka mistari. Pita sehemu hiyohiyo kutoka pande mbili tatu. Unachotafuta ni kuifikisha grauti hadi chini. Ikiziba juu tu na kuacha hewa ndani, itashuka ikikauka na utapata tundu. Ukisikia mwiko unaburuzika kwa uzito sawasawa, jointi imejaa. Ukitumbukia kidogo, rudia.

Kisha simamisha mwiko karibu wima na ukwangue inayobaki juu ya tailizi, daima kwa mshazari. Ukifuata mstari, ukingo wa mpira utaingia na kuichota grauti.

Fanya kama mita moja ya mraba, halafu nyingine. Kwa joto letu usizidishe mita mbili kabla ya kurudi kufuta.

Kufuta

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibiwa na watu wenye nia njema. Subiri mpaka grauti iwe haishiki kidoleni ukiigusa kidogo, kati ya dakika 10 na 30 kutegemea joto. Ukifuta mapema unaichota. Ukichelewa inakuwa jiwe.

Ndoo ya kwanza ni ya kusuuzia sponji, ya pili ina maji safi. Chovya, kamua kwa nguvu mpaka isidondoke hata tone, pitisha mara moja kwa mshazari, geuza upande, pitisha tena, suuza. Upande mmoja wa sponji, mpito mmoja. Kuzungusha sponji chafu juu ya tailizi ni kusambaza grauti, na maji yanayotoka kwenye sponji isiyokamuliwa hupenya jointi na kuosha rangi yake. Badilisha maji ya ndoo mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Mara ya pili tengeneza sura ya mstari: sponji yenye unyevu, shinikizo dogo, ukifuata jointi hadi iwe na mbonyeo kidogo na usawa kila mahali. Baada ya saa moja au mbili tailizi zitakuwa na utando mweupe. Ufute kwa kitambaa kikavu. Usiuache mpaka kesho, maana kesho utataka dawa maalumu ya kuuondoa, na dawa hizo nyingi ni asidi ambayo grauti changa haiwezi kuistahimili.

Pembe na silikoni

Kuta mbili hazisogei pamoja. Jua likipiga ukuta wa nje, ule wa ndani umetulia. Sakafu nayo inabeba uzito na kutikisika. Grauti ni ngumu, haivutiki, kwa hiyo kwenye pembe lazima ipasuke. Silikoni inavutika. Iweke kwenye kila pembe ya ukuta na ukuta, ukuta na sakafu, kuzunguka choo au bakuli la kuchuchumaa, na pale bomba linapotoka ukutani.

Subiri grauti ikauke siku moja au zaidi kwanza, kwa sababu silikoni haishiki mahali penye unyevu. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za pembe ukiacha nafasi ya milimita 5 hivi. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu dogo kuliko unavyofikiri. Vuta mstari mmoja bila kusimama, lowesha kidole kwa maji ya sabuni ya vyombo, pitisha mara moja, na ubandue selotepu papo hapo kabla silikoni haijafanya ngozi. Dakika tano ukichelewa, itachanika pamoja na selotepu. Iache saa 24 bila maji.

Kusubiri

Usikanyage sakafu kwa saa 24. Shawa isifunguliwe kwa siku tatu. Saruji haikauki tu, inaganda kwa kutumia maji iliyochanganywa nayo, na mahali pa joto na upepo maji hayo yanatoroka kabla kazi haijaisha. Siku ya pili na ya tatu nyunyizia ukungu mwepesi wa maji kwa chupa ya kupulizia, asubuhi na jioni. Ni hatua ndogo inayotenganisha grauti ngumu na ile inayotoa unga.

Dawa ya kuziba vitundu vya grauti inapakwa ikishakauka kabisa. Muda unaandikwa kwenye kopo, mara nyingi siku tatu na kuendelea. Paka kwa brashi ndogo kwenye mistari, subiri dakika chache, futa iliyomwagikia tailizi. Jaribio la kujua kama imeshika: dondosha maji juu ya jointi. Tone likikaa limevimba, sawa. Likizama na kuacha doa jeusi, paka tena. Kwa sakafu ya bafu linalotumiwa na watu wengi, rudia jaribio hilo kila mwaka. Epoksi haihitaji dawa hii.

Ikikwenda vibaya

Nyufa za unywele siku ya pili: ilikauka upesi au ilikuwa na maji mengi. Chimba sehemu hizo tu, jaza upya. Vitundu vya sindano: hewa au kukoroga kwa kasi, vijaze kwa grauti ya kidoleni siku hiyohiyo. Rangi ya mabaka: sponji iliyokuwa na maji. Subiri wiki mbili kabla ya kukata tamaa, maana sehemu nyingine zinachelewa kukauka tu. Yakibaki, kuna kalamu na rangi za grauti madukani, na ukutani zinaficha vizuri. Unga mweupe: sugua kwa brashi kavu, usioshe, na utafute unyevu unatoka wapi. Grauti inayobanduka kwa vipande virefu: haikuchimbwa.

Kuanzia sasa bafu lisafishwe kwa sabuni ya kawaida na brashi ya nailoni, na ile dawa ya asidi ibaki ndani ya bakuli la choo peke yake. Mwambie na anayekusaidia kazi za nyumbani, kwa upole, ukimwonyesha povu lile linatoka wapi. Mara nyingi ndiye anayeamua dawa gani inamwagwa wapi.

Unga uliobaki utie kwenye kopo la kufunga vizuri, usiingie unyevu, pamoja na kipande cha mfuko chenye jina la rangi na namba ya toleo. Hata unga ukija kuganda, kipande hicho cha mfuko ndicho utakachokwenda nacho dukani.